Sitara ya Anayejifunza

Miongoni mwa maswali ambayo zama zetu zimeyaleta mbele ya wakufunzi bila kuwapa muda wa kuyatafakari, limo hili: je, mwalimu aliyekusanya insha na mazoezi ya wanafunzi wake ndani ya folda moja katika seva ya chuo, kisha akaiwekea folda ile nywila ili asiingie ila mwenye idhini, huwa ameihifadhi amana, au huwa ameificha elimu? Swali laonekana kuwa la mafundi, na mafundi wamekwisha kulijibu kwa upande wao. Lakini chini ya ufundi ule mna jambo la dini na la falsafa, nalo ni haki ya mja aliye safarini kuelekea ujuzi kusitiriwa mpaka afike.

Hoja ya wanaolikataa kufuli si dhaifu, na insafu yatutaka tuitangulize. Wavuti, ambao Tim Berners-Lee aliubuni katika taasisi ya CERN karibu na Geneva, ulizaliwa kwa nia ya kuwawezesha wanazuoni kupashana maarifa, na tarehe 30 Aprili 1993 CERN iliwaachia walimwengu wote programu zake bila malipo. Hadithi mashuhuri ya Mtume inamwonya kwa adhabu ya moto mtu aulizwaye elimu naye akaificha. Na Injili ya Mathayo, katika mlango wa 5, yailaumu nuru inayofunikwa isiwafae waliomo nyumbani. Asimamaye juu ya misingi hii ana haki ya kuuliza: ikiwa elimu ni nuru, komeo ni la nini?

Lakini ndani ya hoja hiyo mna mambo mawili yaliyochanganywa ambayo hayana budi kutengwa: elimu yenyewe, na athari anazoziacha mtu njiani anapoitafuta. Kanuni ya hisabati, au historia ya dola, au sherehe ya sheria, ni mali ya walimwengu, na kuifungia ni dhuluma. Bali insha ya kijana wa mwaka wa kwanza, yenye jina lake, na makosa yake, na alama alizopewa, na masahihisho ya mkufunzi pembeni, na pengine habari ya msiba wa kwao aliyothubutu kuiandika kwa sababu alijua kuwa atakayeisoma ni mmoja, haiwaongezei walimwengu ujuzi wowote, ilhali yaweza kumpunguzia mwenyewe heshima kwa miaka mingi.

Plato, katika mazungumzo yaitwayo Phaedrus, alimpa Sokrate hofu ya kwamba neno likiisha kuandikwa huwafikia wanaolistahili na wasiolistahili sawasawa, na likidhulumiwa halina ulimi wa kujitetea. Hofu ile ilikuwa ya gombo lililopita mkono kwa mkono. Sembuse faili inayoweza kusomwa kutoka kila pembe ya dunia kwa saa moja! Katika vyuo vya pwani yetu mtoto aliandika aya zake juu ya ubao, akazisoma mbele ya mwalimu, akakosea, akasahihishwa, na alipokwisha kuzihifadhi ubao ukaoshwa kwa maji, makosa yakaondoka pamoja na wino na ujuzi ukabaki moyoni. Seva haina desturi ya kuoshwa, na yaliyonakiliwa na wapitao hubakia yakimshuhudia mtu kwa hali aliyokwisha kuihama. Hapo ndipo dhuluma ilipo: kumhukumu ajuaye kwa kosa la siku alipokuwa hajui. Asiyepata nafasi ya kukosea mbele ya mwalimu wake peke yake hatathubutu kujaribu, na asiyejaribu hajifunzi. Kwa hiyo sitara si anasa ya mwanafunzi, bali ni sharti la kujifunza kwenyewe.

Wako wadhanio kwamba folda ambayo anwani yake haikutangazwa imekwisha kusitirika. Hasha! Seva ikiwa imeruhusiwa kuorodhesha, na folda haina ukurasa wa mbele, humtandazia kila apitaye majina ya faili zote. Ile faili ya robots.txt, ambayo utaratibu wake ulipendekezwa na Martijn Koster mwaka 1994, ni ombi tu kwa mitambo ya utafutaji: mwenye adabu hulitii, na asiye nayo hulitumia kujua palipofichwa kitu. Kwa sababu hiyo mwenye seva ya Apache huweka ndani ya folda faili ndogo iitwayo .htaccess, yenye kuamuru kuwa asipite mtu bila jina na nywila, na orodha ya wenye idhini huiweka mbali na mahali panaposomwa na umma. Ajaye mikono mitupu hujibiwa kwa namba 401, ambayo si kufukuzwa, kwa maana kukatazwa kabisa kuna namba yake, 403. Bali ni kuulizwa, wewe ni nani? Surat An-Nur, katika aya ya 27, yatufunza kuomba ruhusa kabla ya kuingia nyumba isiyo yetu, na kufuli hili huidai adabu hiyo kwa yule ambaye nafsi yake haikumdai.

Hata hivyo mlinzi naye hulindwa. Katika miaka ya 1960, kwenye kompyuta ya pamoja ya chuo cha MIT huko Marekani, faili ya nywila ilibadilishana nafasi kwa bahati mbaya na faili ya salamu, na kila aliyeingia akasomewa siri za wenziwe wote. Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson wa Bell Labs walieleza njia iliyo bora: seva isiiweke nywila yenyewe, bali alama yake iliyopitishwa katika hesabu isiyorudishika nyuma, hata imtambue mwenyewe bighairi ya kuijua siri yake. Na kwa kuwa njia ile sahili ya kuulizana nywila huipeleka bila kuifumba, haifai kutumiwa ila juu ya njia iliyofumbwa ya HTTPS. Ufundi huu una maadili ndani yake: mwaminifu hatamani kujua zaidi ya anachohitaji ili kutimiza wajibu wake.

Sheria nazo zimeamka, Kenya mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022, kulinda taarifa za watu binafsi. Lakini sheria huyafikia ya dhahiri, na amana hukaa batini. Nywila haimzuii mkufunzi mwenye idhini kuichukua kazi ya mtu akaicheka mbele ya wenziwe, wala haimzuii mwanafunzi aliyepewa nywila ya darasa zima kuipeleka nje. Na maadamu kazi ni ya aliyeiandika, yeye ndiye mwenye haki ya kuifungua: siku atakapoiona imekomaa akataka isomwe na watu, mwalimu na ampe idhini, kama mashekhe walivyowapa ijaza waliosoma mbele yao; na muhula ukiisha, kisichohitajiwa na kirudishwe kwa mwenyewe, kisha kifutwe.

Hukumu yangu basi ni hii. Onyo la kuficha elimu linamhusu mwalimu kwa yale ayajuayo yeye, si kwa yale ambayo mwanafunzi bado hayajui. Mihadhara yake na maelezo yake na ayaweke nje ya kufuli, yasomwe na kila mwenye kiu. Majaribio ya wanafunzi na ayaweke ndani. Anayeyafungia maarifa yake huku akiyaacha wazi makosa ya waliomwamini ameigeuza amri juu chini, na atakuwa na deni mara mbili: kwa walimwengu aliowanyima haki yao, na kwa mwanafunzi aliyemvua sitara yake.