Anayejisifu Ni Mtoto wa Nani?

Mwaka jana niliuza sentensi moja kwa shilingi 4,500. Haikuwa yangu.

Ilikuwa ya mjomba wangu, mvuvi wa omena hapa Usenge. Mimi humwita nera, kama Wajaluo tunavyomwita kaka ya mama, naye huniita okewa. Nilikuja kukaa kwake karo iliponishinda na nikaacha chuo mwaka wa pili. Tangu hapo naishi kwa vibarua vya mtandaoni: maelezo ya bidhaa, hadithi za Instagram, maneno ya video za TikTok. Basi wakala mmoja wa matangazo kule Nairobi akanipa kazi ya kampuni inayouza simu. Alitaka kitu cha mtaani, kitu cheusi, kitu kinachobamba. Nilikaa siku mbili bila kuandika lolote. Siku ya tatu nikakumbuka maneno ambayo nera husema ohangla ikinoga: "Mimi ndiye mtu ambaye ziwa likitaka kuchafuka, lazima linipigie simu kwanza."

Wakala akaipenda. Mteja akaipenda zaidi. M-Pesa ikaingia kabla jua halijatua.

Wiki chache baadaye video ikatoka. Kijana mtanashati, shati jeupe lisilojua shombo ya samaki, amesimama ndani ya mashua akituambia kwamba ziwa humpigia simu. Vijana wa ufuoni walicheka sana. Nyuma yake kulikuwa na miti mikavu iliyosimama majini, na mmoja wao aliyewahi kufanya kazi kwenye mashamba ya maua akasema hapo ni Naivasha, bana.

Nera hakucheka. Aliitazama mara mbili, kisha akaniuliza, "Okewa, huyu kijana ni mtoto wa nani?"

Nikamwambia sijui, ni mwigizaji tu.

"Lakini amejisifu," akasema. "Mtu akijisifu lazima aseme ni mtoto wa nani."

Kwa ambaye hakulelewa upande huu, nieleze. Sisi tuna pakruok. Katikati ya benga au ohangla, mtu huenda kwa mwanamuziki, humtuza pesa, ala zinashushwa, naye hupewa nafasi ajisifu: jina lake, baba yake, kijiji chake, marafiki zake, na majigambo yasiyo na kipimo. Akimaliza, muziki unapanda tena. Kila mtu anajua ametia chumvi. Lakini uongo huo una masharti. Amemlipa mwenye jukwaa papo hapo. Amesimama kwa mwili wake mbele ya watu wanaojua madeni yake. Na ametaja jina. Akisema nyavu zake zinalizunguka ziwa zima ilhali juzi aliazima wavu, atazomewa hapo hapo. Pakruok ni uongo unaowajibika.

Ndani ya pakruok kuna kitu tunachokiita nyadhi. Ni mapozi, lakini si ya nguo peke yake. Ni namna ya kutembea, ya kusema, ya kutotetemeka. Kiswahili cha mtaani kina neno lililo karibu, nalo ni poa. Tunalisema mara ishirini kwa siku tukisahau kwamba poa ni kupoa, na kwamba kinachopoa kilikuwa cha moto. Mwaka 1973 mwanahistoria wa sanaa Robert Farris Thompson aliandika makala kuhusu wazo hili la ubaridi katika jamii nyingi za Afrika na kwa watu weusi waliovushwa kwenda Marekani. Alionyesha kwamba ubaridi huo ni utulivu wa mtu anayejitawala wakati mambo yamechacha. Kampuni huupenda sana utulivu huo. Ule moto hawauulizi.

Moto wa nera naujua. Alianza kuisema sentensi ile baada ya ziwa kumchukua mdogo wake. Ulikuwa usiku wa omena, mwezi haupo, taa zimewashwa juu ya maji, upepo ukageuka. Hakuna aliyewapigia simu. Ndiyo maana watu wa hapa wakiyasikia maneno yale hucheka, kisha hunyamaza kidogo. Nilijua haya yote nilipokuwa nikimwandikia wakala. Nilimtumia kicheko, kile kimya nikakiacha Usenge.

Je, nilikosea? Nimejitetea kwa hoja mbili.

Ya kwanza ni tumbo. Nilikuwa na deni dukani, na hakuna anayeajiri mtu wa mwaka wa pili asiye na cheti. Hoja hii ni ya kweli, lakini inaeleza tu kwa nini niliuza. Haisemi kwamba mali ilikuwa yangu.

Ya pili ni nzito zaidi: utamaduni haujawahi kuomba ruhusa. Benga yenyewe ni mwana wa kuazima. Vidole vya mpiga nyatiti vilihamia kwenye gitaa, rumba ya Kongo ikachangia, na kama kila mmoja angengoja kibali tungekuwa tumekaa kimya mpaka leo. Mfikirie pia fundi wa Harlem anayejulikana kama Dapper Dan. Alifungua duka lake mwaka 1982, akawashonea wana hip hop mavazi yenye nembo za kampuni kubwa za Ulaya bila kumuuliza mtu. Kampuni hizo zilimwandama kisheria mpaka akafunga mwaka 1992. Kisha mwaka 2017 Gucci ikaonyesha jaketi linalofanana sana na lile alilomshonea mwanariadha Diane Dixon miaka ya 1980. Watu walipiga kelele mitandaoni, Gucci ikasema ilikuwa ni kumuenzi, na hatimaye ikashirikiana naye.

Kwa hiyo yeye pia alichukua. Tofauti iko wapi? Nadhani iko kwenye swali la nera. Dapper Dan aliazima akiwa amesimama dukani kwake, na kila aliyevaa kazi yake alijua nani ameshona. Wapiga benga waliazima wakaja mbele ya watu kwa majina yao, wakahukumiwa. Mtandaoni kitu huchukuliwa kikiwa hakina baba. Jalaiah Harmon, msichana wa miaka 14 kutoka Georgia, alitunga dansi ya Renegade mwaka 2019. TikTok nzima ikaicheza, wengine wakavuna umaarufu, na wengi walilijua jina lake mwaka 2020 tu, baada ya New York Times kumwandika.

Kenya tuna sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa asilia na tamaduni, inayotaka idhini ya jamii kabla mtu wa nje hajautumia urithi wake. Ni jambo jema. Lakini sentensi ya nera si urithi wa jamii, ni ya mtu mmoja aliyefiwa. Tena mimi si mtu wa nje. Mimi ni okewa. Sheria haikunikataza, na hapo ndipo jambo linapobaki kuwa la dhamiri.

Nilimpelekea nera nusu ya pesa. Alizipokea bila maneno, akanunua rangi, akaandika ile sentensi ubavuni mwa mashua yake. Jumamosi moja abiria waliokuwa wakingoja mashua ya Mageta waliiona. Kijana mmoja akamwambia mwenzake, "Cheki, mzee ameiga lile tangazo." Nilikuwa nimesimama hapo. Nera alikuwa ameinama akikung'uta wavu. Alisikia, akaendelea kukung'uta.

Nilikuwa nadhani nimeuza maneno tu, na maneno hayaishi, mwenyewe bado anayo. Siku ile nilielewa kwamba niliuza haki yake ya kuaminiwa kuwa ndiye aliyeyasema kwanza. Haki hiyo hainunuliki tena kwa 2,250.

Bado naandikia kampuni, sitadanganya. Ila sasa kabla ya kutuma neno lenye mwenyewe namuuliza mwenyewe, na wakala asipokubali kumtaja na kumlipa, naandika kitu kingine, hata kikiwa hakibambi. Nimeshapoteza kazi mbili hivyo.

Mtaona kwamba hata hapa sijamtaja nera kwa jina, baada ya maneno yote haya. Nilimsomea makala hii jana jioni nikamuuliza niandike jina lake au la. Akafikiri, akasema jina lake atalitaja mwenyewe, ohangla ikija.

Safari hii angalau niliuliza.