Uzi Mpya Hushuka Sauti

Katika parokia zetu nyingi gitaa limekwisha kuwa chombo cha kwaya. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika hati yake juu ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulikipa kinanda cha filimbi heshima ya kwanza, lakini ukaruhusu vyombo vingine pia, maadamu vyafaa kwa ibada na vimekubaliwa na Maaskofu. Basi, na tujifunze leo neno moja kwa gitaa hilo.

Uzi wa gitaa hauchakai kwa siku moja. Jasho la vidole huuingia, kutu huula, vyuma vya shingo ya gitaa huusugua, na sauti yake hufifia kidogo kidogo hata masikio ya mwenyewe huizoea. Uzi wa namna hiyo haulingani tena na wenzake, na ukikazwa kwa nguvu, hukatika. Dawa yake ni kuuondoa na kuweka mwingine. Wala hakuna mwenye akili atupaye gitaa zima kwa ajili ya uzi mmoja kati ya sita.

Lakini mpigaji mwanagenzi hushangaa. Uzi mpya wang'aa, sauti yake ni safi. Kumbe baada ya wimbo mmoja umeshuka! Adhani ameuziwa uzi mbovu. Sivyo. Uzi mpya hunyooka, na mizunguko yake hujibana kwenye kigingi, mpaka utulie. Uzi wa nailoni waweza kuchukua hata siku kadhaa. Fundi hakasiriki. Huukaza taratibu, husikiliza, na kesho huukaza tena.

Ndivyo alivyo mtu anayemrudia Mungu. Baba aliyekuwa mlevi ameungama, ameacha pombe, ameanza kuleta mshahara nyumbani. Sakramenti ya Kitubio imemrudishia neema kwa kweli, wala si nusu. Hata hivyo mazoea ya miaka kumi hayang'oki kwa jioni moja. Mwezi wa pili ateleza. Mke asema, "Nilijua." Watoto wacheka. Jirani atikisa kichwa. Na yule aliyetaka kuinuka tena aona hakuna anayemngoja.

Hatusemi kwamba ulevi uachwe ukae, wala kwamba mke avumilie kupigwa. Dhambi ni dhambi, na aliyeanguka hana budi kurudi kuungama. Twasema hivi tu: kuteleza kwake aliyeanza jana si sawa na ukaidi wake asiyetaka kubadilika. Huyo wa kwanza ahitaji mkono unaokaza taratibu.

Katika Injili ya Luka, sura ya 15, mwana mpotevu aliporudi nyumba ilijaa muziki. Kaka yake aliusikia alipotoka shambani, akakataa kuingia. Baba akatoka nje kumbembeleza. Enyi wapendwa, kama mmoja wetu angali amesimama mlangoni pa ndugu yake, na aingie leo.