Mwaka Mmoja na Jembe

Neno: Luka 13:6-9

 

Najua wengi hamkuwa ibadani Jumapili. Kuna waliokuwa zamu, kuna waliokuwa wamepanda juu Kericho kuchuma majani, na kuna waliozuiwa na tope. Hili ndilo neno tulilolishiriki. Nimeliandika vile nilivyolisema, hata ile sehemu ambayo mzee mmoja aliniambia mlangoni, "Pasta, hiyo ungetuachia sisi wazee tuizungumze ofisini."

Nitaanza na hiyo sehemu, maana ni toba yangu.

Miaka minne iliyopita, matokeo ya KCSE yalipotoka, kijana mmoja wa kanisa hili alikuja mbele kuombewa. Tangu akiwa mdogo katika shule ya Jumapili alikuwa akisema atakuwa daktari. Mama yake alisimama nyuma yake akilia. Mimi sikumuuliza amepata nini. Nikamwekea mikono, nikasema kwa maikrofoni, "Kijana, wewe ni daktari! Nimekuona na koti jeupe!" Kanisa likapiga makofi, ngoma zikalia, ibada ikawa tamu.

Alikuwa amepata C+. Bayolojia B, Kiingereza B-, Kemia C+, Hisabati C.

Sasa, C+ inakufungulia mlango wa chuo kikuu. Lakini udaktari una mlango wake. Kiwango cha chini kabisa ni C+ ya wastani pamoja na B katika Bayolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Na hicho ni cha chini tu. Nafasi ni chache, na wanaoitwa kusomea udaktari katika vyuo vya umma wengi wao wana A na A-. Kijana wetu alikuwa na B moja. KUCCPS hawasikii maikrofoni ya pasta.

Akapewa kozi nyingine, akaikataa. Mjomba wake akamtafutia habari za KMTC, akakataa. Kila akiulizwa anajibu, "Pasta alishasema." Akakaa nyumbani miaka miwili akichunga ng'ombe na kungoja unabii utimie.

Halafu jioni moja mama yake akaja kwangu. Safari hii hakulia. Akasema, "Pasta, kuna mtu mjini anaweza kumtengenezea cheti chenye B zote. Anataka pesa. Ndama nimeshauza. Nimekuja uniombee tusishikwe."

Usiku ule sikulala. Yule mama hakufika kwa mtu wa vyeti peke yake. Nusu ya njia nilimpeleka mimi, kwa maneno matamu yasiyokuwa na kazi ndani yake. Nilimwomba msamaha yeye na mwanawe nyumbani kwao, na Jumapili nimeomba msamaha mbele yenu.

Sasa twende kwa Neno.

Yesu alitoa mfano wa mtu aliyepanda mtini katika shamba lake la mizabibu. Mwaka wa kwanza akaja kutafuta matunda, hakuna. Wa pili, hakuna. Wa tatu, bado. Akamwambia mtunzaji aukate, maana unakalia ardhi bure. Sisi wa Fort Ternan tunaelewa hasira ya huyu bwana. Kahawa ukiipanda unaipa miaka mitatu hivi uanze kuchuma. Ukiona mwaka wa tatu ni majani matupu, panga inaanza kuwasha mkononi.

Lakini mtunzaji akaomba mwaka mmoja zaidi. Nataka tuangalie vile alivyoomba, kwa sababu hapo ndipo wengi wetu tunakosea.

Jambo la kwanza: hakubishana na hesabu.

Mwenye shamba alisema miaka mitatu. Mtunzaji hakusema "si mitatu, ni miwili na nusu." Hakufunga matunda ya kununua sokoni kwenye matawi ili bwana akipita aridhike. Alikubali mti haujazaa.

Ndugu yangu, cheti cha bandia ni matunda ya kufungwa kwa kamba. Vyuo huuliza KNEC, na KNEC wanajua walichokupa. Na hata kama usingeshikwa, siku moja ungesimama juu ya mtoto wa mtu mwenye homa, na Kemia uliyodanganya ndiyo ingepima dawa yake. Mungu hajengi wito juu ya uongo. Yule mama alirudisha shauri lake. Ndama hakurudi, lakini dhamiri yake ilirudi.

Jambo la pili: aliomba mwaka, akataja jembe.

Hakusema "uache tu, tuone Bwana atafanya nini." Alisema atauchimbia pande zote na kuutia samadi. Kuna watu wanamwomba Mungu nafasi ya pili na mikononi hawana jembe. Mwaka usio na jembe ni mwaka wa nne wa mti uleule.

Tulimwita mwalimu mmoja wa kanisa letu, mama aliyefundisha sayansi miaka mingi. Akamuuliza kijana swali moja: "Kemia ilikushinda wapi?" Hakujua. Alidhani ilimshinda kwenye mtihani wa kidato cha nne. Mwalimu akamrudisha nyuma na kumuuliza maswali ya kidato cha kwanza. Hapo ikaonekana. Kidato cha kwanza na cha pili alikuwa akifukuzwa karo kila muhula, anarudi wenzake wamepita. Alipata D na D+ miaka ile. Kidato cha tatu aliamka, akasoma kweli, lakini alikuwa anajenga ukuta juu ya shimo. Hiyo C+ haikuwa ya mtoto mjinga. Ilikuwa ya mtoto aliyekosa msingi na hakuna aliyerudi kuuchimba.

Kwa hiyo wewe unayetaka kurudia KCSE, jiulize kwanza. Kama uliyajua masomo, ila uliugua au kulikuwa na msiba nyumbani wakati wa mtihani, kurudia kunaweza kukufaa. Kama hukuyajua, kurudia bila kuanza chini ni kulipa ada ili uandikiwe gredi ileile.  Ili upewe gredi ya wastani unafanya masomo yasiyopungua 7. Usajili hufanywa mapema mwakani na anayejisajili binafsi hujilipia. Tena muda si mrefu: kundi la mwisho la 8-4-4 lilifanya KCPE mwaka 2023, na KCSE yao inatarajiwa mwaka 2027. Anayetaka kuchimba asikae akipiga hesabu ya mawingu.

Jambo la tatu: aliweka kikomo.

Alisema mwaka ujao. Ukizaa, vyema. Usipozaa, utaukata. Alikubali hukumu kabla ya kuanza kazi. Hapo imani ya wengi inatetemeka, kwa sababu tumefundishwa kwamba kuweka kikomo ni kukosa imani. Mimi nilifundisha hivyo. Lakini mtunzaji huyu aliupenda mti kuliko sisi wote, na bado aliweka tarehe.

Tulifanya vivyo hivyo. Tulikaa mezani: kijana, wazazi wake, mwalimu na mimi. Tukaandika kwenye daftari. Kwa miezi mitatu atasoma kuanzia kidato cha kwanza. Kila Jumamosi ya pili atafanya karatasi ya mtihani wa zamani, saa mkononi, bila kitabu, na mwalimu atasahihisha bila huruma. Kemia na Hisabati zikifika B mara tatu mfululizo, kanisa litasaidia ada na atarudia. Zisipofika, ataomba stashahada ya Tiba ya Kliniki.

Zilifika wapi? Hisabati ilipanda hadi B-. Kemia ilikwama hapo kwa B- na C+. Jumamosi ya mwisho kijana aliangalia karatasi yake kwa muda mrefu, kisha akasema, "Pasta, nimechimba. Sasa najua."

Alilia, sitawaficha. Babake naye alitoka nje. Lakini hayakuwa kama yale machozi ya madhabahuni. Haya yalikuwa na hesabu ndani yake. Akaomba KMTC, ambako stashahada huanzia wastani wa C na masharti ya masomo, na miezi ile ya kuchimba haikupotea, kwa maana alipoingia darasani Kemia ya dawa haikumtupa.

Leo yuko mwaka wa pili. Kozi ni miaka 3, kisha mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini kabla ya leseni. Wazazi wengine huuliza, je, baadaye anaweza kuwa daktari kamili? Nitajibu kwa uangalifu, nimeshaungua mara moja. Kuna digrii ya Tiba ya Kliniki anayoweza kuendelea nayo. Kuna pia njia ya mwenye stashahada nzuri kuomba udaktari, lakini chuo kinaweza bado kuangalia KCSE yake. Gredi ya zamani haifutiki. Inachoweza kufanyika ni kuwekewa jirani mwema: stashahada iliyofanywa vizuri, barua ya mtu aliyekuona ukifanya kazi, miaka ya kuhudumia wagonjwa. Na kama kuna anayekuambia anajua chuo, hapa ama ng'ambo, kitakachomchukua mwanao bila masharti, kabla ya kuuza ekari uliza baraza la madaktari, KMPDC, kama chuo hicho kinatambuliwa. Anayesomea nje atarudi mbele ya baraza hilo hilo kutafuta leseni. Uliza kabla shamba halijaenda.

Jambo la nne: mti haukujichimbia.

Angalia tena Luka. Jembe halikuwa mikononi mwa mti. Kulikuwa na mtu aliyesimama kati ya mti na panga, na huyo mtu akatoa jasho lake mwenyewe. Ndivyo Bwana Yesu alivyosimama kwa ajili yetu, wapendwa. Hakusimama mbali akitutangazia tu. Basi kanisa ambalo linapiga makofi kijana akija mbele, halafu Jumatatu hakuna anayemuuliza habari zake, hilo kanisa limeshika maikrofoni na kuacha jembe.

Kwa hiyo tumekubaliana hivi na wazee. Matokeo yakitoka, hakuna kijana atakayewekewa mikono kwa habari ya masomo bila mtu kuketi naye na karatasi yake ya matokeo. Tutaomba, tena tutafunga. Lakini tutaketi. Walimu wetu, waliostaafu na walio kazini, tunawaomba Jumamosi mbili kwa mwezi. Na ninyi wazazi wa watoto walio bado shuleni, msingoje mwaka wa mwisho. D ya mwaka huu ni habari. Ishughulikie wakati udongo bado ni laini.

Namaliza. Hapa kwetu mtu akiingia zahanati humwita afisa wa kliniki "daktari." Juzi dada mmoja aliniambia, "Pasta, unaona? Unabii wako umetimia!" Nilimshukuru, lakini sitajificha hapo. Nilisema jambo ambalo sikuwa nimeambiwa, na kijana akapoteza miaka miwili. Kilichofuata ni rehema ya Mungu na jasho la mwalimu.

Je, siku moja atasomea udaktari? Sijui. Yesu naye hakutuambia kama ule mti ulizaa. Alituacha mtunzaji akiwa ameinama, anachimba. Nadhani alitaka tubaki hapo.

Tuombe.

Bwana, tusamehe kwa maneno tuliyosema kwa jina lako na hukutuma. Wasaidie vijana wetu kuiangalia karatasi yao bila aibu na bila uongo. Wape mwaka, utupe sisi jembe. Na utakapokuja kutafuta matunda, utukute shambani. Katika jina la Yesu. Amina.