Gari la Mtae Hulala Mtae

Mtu anaweza kuizunguka Lushoto bila kumiliki hata baiskeli, mradi afuate saa za wenyeji. Kijana wa kisa hiki hakuzifuata. Jina sitampa, maana kila Saba Saba ikiangukia Ijumaa hupanda wengi wa namna yake kutoka Dar es Salaam: begi mgongoni, viatu vipya vya kupandia milima, na ratiba waliyojipangia wenyewe kwenye simu.

Kupanda kwenyewe hakukumsumbua. Basi lilimshusha Mombo, pale barabara ya Lushoto inapoiacha ile kuu iendayo Same na Moshi. Akahamia kwenye kosta, ikaanza kukata kona. Ni kilomita 33 za lami nyembamba, huku mwamba, huku korongo, na kwa mwendo huo mfupi abiria hutoka kwenye joto la mashamba ya mkonge akafika mji ulio mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal na walikuwa wakiupenda kwa baridi yake. Soni, katikati ya njia, konda alishusha watu na kupakia matenga ya nyanya. Magari ya Mombo, Soni na Lushoto hupita kutwa. Hapo ndipo alipodanganyika: alidhani huko juu nako ni hivyohivyo.

Jumamosi akaenda Irente kwa miguu. Ni kilomita kama sita kutoka mjini, na atakayekodi gari kwa safari hiyo anatupa hela. Njia inapita katikati ya mahindi na migomba, kila unayekutana naye anakusalimu, na mwisho wake ni ukingo wa mwamba ambao chini yake, karibu mita elfu moja, tambarare ya Mazinde imelala na mkonge wake. Akapita shamba la Irente, akanunua mkate na jibini, saa nane mchana yuko mjini. Siku hiyo alifanya kila kitu sawasawa bila kujua kwa nini kilikwenda sawa.

Jioni akamwambia mama mwenye nyumba ya wageni kwamba kesho atakwenda Mtae kutazama jua likizama, kisha arudi kulala.

"Gari la Mtae lipo, mwanangu," mama akamjibu. "Linaondoka mchana. Ila linalala hukohuko, linashuka alfajiri."

Kijana alisikia "lipo". Mengine yalimpita.

Ingefaa aulize kwa nini, maana jibu lingemwelewesha usafiri wa milima yote ya Usambara. Zermatt, mji wa milimani kule Uswisi, hauruhusu magari ya mafuta. Mgeni huliacha lake kituo cha Täsch na kupanda treni, na treni zinafuatana kutwa kwa sababu mji ule unaishi kwa wageni. Lushoto inapenda wageni, lakini inaishi kwa kabichi, viazi, karoti na nyanya. Basi la kijijini ni la mtu mwenye shida mjini: mgonjwa wa hospitali ya wilaya, mama anayefuata dukani bidhaa za jumla, mzee aliyeitwa mahakamani. Hao hushuka gizani ili wafike ofisi zikifunguliwa, na hupanda mchana wakishamaliza. Dereva na konda nao wana wake zao huko juu. Mgeni wa mjini anataka kinyume chake, apande asubuhi na ashuke jioni, na saa hizo hakuna mwenyeji anayesafiri kuelekea huko anakoelekea yeye. Hakuna mpango mbaya hapo. Ni mpango mzuri uliotengenezwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Jumapili saa saba mchana akapanda. Kutoka Lushoto hadi Mtae ni kilomita zipatazo 60, sehemu kubwa udongo, na basi linatumia saa nne kwa sababu linasimama kwa kila debe na kila kuku. Lilipita msitu wa Magamba, likapumzika Lukozi, likaingia Mtae saa kumi na moja jioni. Mtae imekaa kwenye mgongo wa mlima, na siku ya mbingu safi unaiona tambarare ya Mkomazi yote chini yako. Julai si mwezi wa kuahidiana mbingu safi. Alisimama ukingoni akatazama ukungu mweupe hadi akachoka.

"Mnageuza saa ngapi?" akamuuliza konda.

"Kesho saa kumi na moja alfajiri, kaka. Uwahi siti."

Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kibarazani akamwita. "Mjukuu wangu, vyumba vipo hapa. Lala, kesho utashuka." Kijana akashukuru, akakataa. Kitanda cha Lushoto alikuwa ameshakilipia, na tiketi ya Dar ya Jumatatu asubuhi alikuwa nayo mfukoni. Kwa ajili ya kitanda alicholipia akakikataa kitanda alichokihitaji.

Zilibaki bodaboda. Sina ugomvi nazo. Milimani ndizo zinazofikisha wajawazito zahanati, na kwa mgeni asiye na gari hakuna kinachozishinda katika safari fupi za mchana. Kilomita 60 usiku, kwenye utelezi na baridi, ni jambo jingine, na vijana wa kijiweni walilijua hilo kuliko yeye. Wa kwanza akakataa, wa pili akacheka. Wa tatu akataja bei kubwa. "Ila bosi," akasema, "nikikufikisha mimi siwezi kurudi usiku huu." Kijana akajibu twende. Kwa mara ya pili alikuwa ameambiwa jambo la kurudi, na kwa mara ya pili hakulisikia, kwa kuwa safari hii kurudi hakukuwa kwake.

Helmeti ilikuwa moja. Walipopita Lukozi manyunyu yakaanza, na kwenye kona moja ndani ya msitu gurudumu la nyuma likatangulia la mbele. Mwendo ulikuwa mdogo, wakaanguka taratibu, lakini pikipiki ilimlalia kijana na ekzosi ikamgusa mguu chini ya goti. Dereva akavunja kioo na taa ya kuonyesha kona. Waliiinua, wakasukuma hadi penye nafuu, wakafika Lushoto saa nne usiku wakitetemeka.

Angetaka Mtae bila gari, njia zipo. Wenye siku tatu huenda kwa miguu wakiwa na mwongozaji wa Lushoto, wakalala Rangwi kwa masista, na ukungu ukiwanyima jua la leo wanalo la kesho. Mwenye siku mbili hupanda na basi la mchana, analala huko, anashuka nalo. Mwenye siku moja aende Irente, au msitu wa Magamba, au maporomoko ya Soni, kote huko atarudi wakati wowote apendao.

Mama hakumsema. Alimpa dereva chumba cha nyuma, na asubuhi akamwandalia chai na chapati. Kijana alikuwa hospitali akifungwa bandeji. Aliporudi, basi la Dar lilikuwa limeshaondoka na bili iko mezani: chumba cha pili, chai ya watu wawili, na kioo cha pikipiki kwa bei ya fundi wa stendi. Dereva alisimama mlangoni, akasubiri hadi hela ya kioo ikahesabiwa, akaiweka mfukoni. Kijana akachukua kosta hadi Mombo kungojea mabasi yanayotoka Arusha na Moshi. La kwanza lilipita limejaa. La pili lilikuwa na siti moja, ya nyuma kabisa juu ya injini, na nauli akailipa upya.