Je, Yamkini Kuishi Bila ya Motokaa?

Ndugu zetu wasomaji, mara nyingi katika darasa letu huzuka suala hili: je, mtu wa zama hizi aweza kweli kuishi bila ya kumiliki motokaa? Wako wasemao kuwa haiwezekani, na kwamba asiye na gari ni kama asiye na miguu. Na wako wasemao kuwa gari ni anasa tupu, na mwenye kulitaka ametekwa na dunia. Sisi twaona kuwa makundi yote mawili yamehukumu kabla ya kupambanua jambo lenyewe.

Wanazuoni wa usuli, miongoni mwao Imamu Shatibi wa Andalusi aliyefariki mwaka 1388, wameyagawa mahitaji ya watu kwa daraja tatu. Ya kwanza ni dharura, ambayo ikikosekana maisha huharibika. Ya pili ni haja, ambayo ikikosekana maisha hayaharibiki lakini huingia dhiki na mashaka. Ya tatu ni pambo, ambalo likikosekana hapana kipungukacho ila uzuri. Basi motokaa i daraja gani? Jawabu ni kuwa haina daraja moja. Kwa fundi aendaye na vyombo vyake mpaka Kilifi, au kwa mwenye kumuuguza mzee asiyeweza kutembea, ni haja iliyo wazi. Kwa mwenye duka Ndia Kuu na nyumba yake iko Kibokoni, ni pambo. Kwani baina ya nyumba na duka ni mwendo wa dakika chache, na gari lake litashinda juani kutwa.

Wala pambo si haramu. Qurani yenyewe, katika Suratu Nnahl, imewataja wanyama wa kupandwa kuwa ni wa manufaa na ni pambo pia. Lakini pambo halistahili kukopewa, wala halitangulizwi mbele ya wajibu. Tena gari lina tabia isiyokuwamo katika kanzu wala kilemba. Kanzu ikishanunuliwa haidai kitu ila sabuni. Ama gari hula hata likiwa limesimama. Lataka bima, lataka tairi, lataka fundi, na bei ya petroli haimo mikononi mwa mnunuzi. Twawajua watu ambao mshahara wao huishia garini, karo ya watoto ikachelewa, na mama mzazi akangojeshwa dawa. Na baadhi yao wamelinunua kwa mkopo wa riba. Hapo suala si tena kama mtu aweza kuishi bila ya gari, bali ni kama aweza kuishi nalo.

Na maradhi haya hayakuanza na motokaa. Mwanzoni mwa karne ya 20, hapa Mombasa palikuwa na reli nyembamba zilizotandazwa njiani, na wakubwa wa serikali walikuwa na vigari vyao, wakikaa juu yake na kusukumwa na watu. Kisiwa ni hiki hiki, ambacho mtu mwenye afya hukikata kwa miguu kwa muda wa saa moja na kitu. Reli zile ziliondolewa, vigari vikasahauliwa, na watu wakaendelea kuishi. Kilichobaki ni ile hamu ya kuonekana ukichukuliwa.

Lakini itakuwa dhulma tukimlaumu mtu peke yake. Yuko mama akaaye Kisauni au Mtwapa, afanyaye kazi mjini, ambaye kila siku husongwa ndani ya matatu, akatukanwa na utingo, na mvua ikinyesha akapandishiwa nauli. Huyo akitamani gari, hatamani fahari, atamani sitara. Tutamjibu nini?

Tazameni Lamu. Mji ule wa kale, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, vichochoro vyake vilijengwa kwa kipimo cha mtu na punda. Msikiti, soko, chuo na gati vyote hufikiwa kwa miguu. Tajiri na maskini hupishana bega kwa bega, wala mtu hadharauliwi kwa kukosa gari, kwani gari halina pa kupita. Hatusemi Mombasa igeuzwe Lamu. Mji wa bandari hauwezi kuwa hivyo. Twasema kuwa haja ya gari haitokani na nafsi ya mtu tu, hutokana na mji pia. Wenye magari wakiachiwa njia yote, pambo la wachache huwa haja ya wote, na asiyeweza kununua huwa amedhulumiwa bila ya kuguswa.

Basi jawabu letu ni kuwa yamkini, kwa wengi wetu, lakini si kwa juhudi ya mtu mmoja mmoja. Atakaye kununua na aipime haja yake kabla ya kupima fahari yake. Aliye na gari na ajue kuwa jirani mgonjwa ana haki ndani yake, na kuwa kuliegesha juu ya njia ya waendao kwa miguu ni kula haki ya watu. Na sisi sote tuwatake wenye mamlaka watutengenezee njia za miguu, taa za usiku, na matatu zenye adabu. Kivukoni Likoni mwenda kwa miguu halipi nauli na mwenye gari hulipa. Pale mji umekwisha kukiri kuwa miguu ina haki. Na ikiri hivyo hivyo barabarani.

Wabillahi ttaufiq.