Jumanne: Gia Kabla ya Mteremko

Soma Danieli 1:8. Danieli aliamua lini: chakula kilipowekwa mezani, au kabla yake?

Barabara ya Mbulu kwenda Dareda huteremka ukingo wa Bonde la Ufa. Asubuhi ya kipupwe, ukungu ukiwa umetanda, dereva mzoefu wa basi huweka gia ndogo akiwa bado juu. Anayeshuka kwa gia kubwa hutegemea breki peke yake. Zikipata moto sana, hazishiki tena. Na nyuma yake wameketi abiria waliomwamini.

Majaribu nayo yana mteremko. Mungu aweza kumwokoa hata aliyekwisha kuteleza, lakini hutupatia nguvu za kuamua mapema.

Ni uamuzi gani unaouahirisha? Ni akina nani wameketi nyuma yako?