Rangi Haizibi Ufa



Likizo iliyopita nilimsindikiza mjomba Samunge, kule Loliondo, ile Samunge ya foleni za magari ya kikombe cha Babu mwaka 2011. Alitaka kununua Land Rover ya zamani. Injini imepakwa rangi mpya, inang'aa. Nikamwambia, "Mjomba, chukua!"

Fundi wetu hakuwa na haraka. Alichomoa stiki ya oili: oili imekuwa kama chai ya maziwa, yaani imechanganyika na maji. Akakwangua rangi kwenye bloku kwa bisibisi. Chini yake, ufa mwembamba kama unywele. "Rangi haizibi ufa," akasema.

Nilinyamaza njia nzima. Mara mbili nilikuwa nimeungama huku nikiruka dhambi ileile, kwa aibu tu. Nilikuwa napaka rangi.

Mjomba aliona ufa, akaacha kununua. Kristo aliuona wangu, na bado akalipa bei yote Msalabani. Sasa namficha nini? Jumamosi ile nilirudi kwenye kitubio, nikaanza na ile niliyoiruka.

Na wewe, usiogope. Fundi huyu hakatai chombo chenye ufa.